Gari la Shemeji, Kila Kitu Mara Mbili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, haamini kitu ambacho kiko kimoja. Nasema hivi kwa heshima zote, maana ni mkubwa kwangu na shikamoo yake nampa kila asubuhi. Lakini shemeji kaumbwa ataniwe, na huyu wangu amenirahisishia kazi. Ukifika kwao, pembezoni mwa Singida mjini, utakuta mlango wa mbele una kufuli mbili na komeo, na ndani hamna cha kuibwa zaidi ya redio inayokoroma.

Ugonjwa huo aliupata kazini. Alikuwa fundi wa pampu za maji serikalini, na mwaka mmoja wa mvua nyingi gari la ofisi liliwazimikia mlima Sekenke, pale unapoteremka kwenda Shelui. Wakalala humo humo, fisi wanazunguka, dereva anasali, yeye anamlaumu dereva. Kumbe kisa kilikuwa waya mmoja uliokatika. "Waya mmoja!" husema mpaka leo, na wajukuu wake wanajua kabisa kwamba hapo ndipo pa kushtuka.

Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe au wakafungua duka. Yeye akanunua gari bovu. Lilikuwa lile gari la Kiingereza la mabati ya mraba, ambalo zamani lilikuwa la mabwana shamba na mapadri. Alilikuta Mgori, kwetu sisi, nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Likavutwa kwa trekta hadi mjini, likaingia uani kwa dada likiwa na mayai mawili ndani. Shemeji aliyatazama yale mayai kwa furaha, maana hata yenyewe yalikuwa mawili.

Dada hakuyajali mayai. Mama yetu yuko Mgori, magoti yamemwishia, haendi popote. Basi la kwenda huko lina siku zake na lina kununa kwake. Dada alikuwa amechoka kuomba lifti, kusubiri, kufika jioni na kuondoka alfajiri kabla hajamaliza hata kumsuka mama nywele. Basi siku ile ile gari lilipoingia, alisimama mlangoni na ungo wake, akasema:

"Baba, likishapona nifundishe na mimi. Niwe naenda kwa mama mwenyewe."

Shemeji akacheka kwa upole, kile kicheko cha mtu anayemwambia mtoto kwamba mwezi hauchumwi. "Hili si gari la kujifunzia, mama."

Dada akarudi kupepeta mchele. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda nawafunga miguu kuku wangu wa kupeleka sokoni, na nikaona jinsi alivyopepeta. Mchele wenyewe uliruka nje ya ungo.

Ikaanza kazi ya kufufua gari, na gari halikuchukua muda mrefu kufufuka. Injini ilipigwa sopsop, yaani ikasuguliwa na kusafishwa, ikapewa pete mpya za pistoni, ikanguruma. Mtu mwingine yeyote angepaka rangi na kwenda zake. Shemeji yeye alizima, akafungua boneti, akatazama kwa huzuni, akasema, "Sasa hii betri ikifa?" Ikaja betri ya pili, na swichi ya kuhama kutoka hii kwenda ile. Kisha akauliza pampu ya mafuta ikifa itakuwaje, ikaja pampu ya pili, ya umeme, ikae pembeni imsubiri mwenzake afe. Lakini ya umeme inahitaji umeme, kwa hiyo na waya wake ukawekewa waya wa pili. Likaja tangi la pili. Ikaja feni ya pili. Honi ya pili, yenye sauti ya lori, ambayo ilimfanya jirani yetu amwage uji. Tairi za akiba zikawa mbili, moja juu ya boneti na nyingine mgongoni, na jeki mbili, maana jeki nayo ni chuma, inaweza kukugeuka. Wipa aliifungia kamba inayopita dirishani, ili mota ikifa abiria avute kushoto na dereva avute kulia. Ukumbuke kwamba hapa ni Singida, ambako mvua yenyewe ni ya kuombewa.

"Akiba haiozi, shemeji," aliniambia.

"Haiozi," nikamjibu, "lakini nayo inataka pa kukaa. Siti ya nyuma iko wapi?"

Siti ya nyuma ilikuwa imeondoka. Palikaa tangi na betri. Abiria wa nyuma alibakiziwa ubao wenye godoro jembamba, na usafiri wake ulikuwa wa kukumbatia jeki.

Hata mafundi walikuwa wawili. Mmoja wa injini, mmoja wa umeme, na hawakupendana. Wa umeme alisema wa injini ana mikono ya kuchunga ng'ombe, wa injini akasema wa umeme anafunga waya kama anayefunga kuni. Shemeji aliwapenda wote wawili, maana mmoja akiugua yupo wa pili. Kwamba mmoja hakujua lolote la kazi ya mwenzake, hilo halikumpitia kichwani. Mbele ya usukani swichi zilijaa hadi pa kuweka kikombe pakakosekana, na ni yeye peke yake aliyejua ipi ni ya nini. Dada aliwahi kumwomba amwandikie hata kwa chaki. "Ukiandika, mwizi atasoma," akajibiwa.

Kila mara gari lilipokaribia kukamilika, dada aliuliza tena. Aliuliza akimpa chai, aliuliza akimpa maji ya kuoga. Na shemeji kila mara alikuwa na jibu jipya: klachi ni nzito, barabara ni mbaya, madereva wa siku hizi hawana adabu, watu watasema nini wakimwona mke wa mtu mzima anahangaika na gia. Mimi nilichukia hasa hilo la watu. Watu hao hao walimwona dada akibeba gunia la alizeti kichwani na hawakusema neno.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa ya kwenda Shelui, kwao shemeji, kuwaonyesha ndugu zake. Alivaa koti. Dada akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma na jeki zangu, na tenga la kuku watatu wa zawadi. Gari lilikwenda vizuri, siwezi kumsingizia. Tulipopita Iguguno, katikati ya mashamba ya alizeti, shemeji akapata wazo la kutuonyesha kazi yake. Akazima betri ya kwanza, akawasha ya pili. Gari likaendelea. Akahamisha tangi, gari likaendelea. Alikuwa na furaha ya mtoto wa Idi. Kisha akaegesha, akashuka ili akakague tairi ya akiba ya nyuma kama bado imekaza, akainama, na hakuinuka.

Mgongo ulikuwa umemkaza. Alibaki amejikunja pale pale, mkono mmoja kwenye tairi, anasema "Ah! Ah! Msiniguse!" Tulimgusa. Tukamwingiza nyuma kwa taabu, tukamlaza kifudifudi kwenye godoro langu, uso wake ukiwa jirani na tenga la kuku. Injini ilikuwa inanguruma yenyewe mbele, nzima kabisa, betri mbili, pampu mbili, matangi mawili, na kiti cha dereva kitupu.

Dada akazunguka, akasimama penye mlango wa dereva. Hakufungua. Akasema taratibu, "Baba, nielekeze. Barabara imenyooka. Nitageuza, nitakwenda polepole na gia moja turudi Iguguno, tukupatie dawa."

"Hapana."

"Basi nani ataendesha?"

Kuku mmoja akamdonoa shemeji kifungo cha koti. Ndipo akapita kijana wa bodaboda, miwani ya jua, gunia la pumba nyuma yake. Shemeji akamwita kwa kelele kutoka kule chini alikolala. Akamuuliza, "Kijana, unaweza kuendesha gari?"

Kijana akatazama gari, akatutazama sisi, akasema, "Si ni kama pikipiki tu, mzee?"

Nami naapa, shemeji yangu akampa usukani. Alimpa mtu ambaye hata jina lake hakuliuliza, mbele ya mke wake aliyezaa naye watoto watano. Dada alipanda upande wake wa abiria, akafunga mlango, akatazama mbele. Nilitaka kumtukana mtu, ila sikujua nianze na nani kati ya shemeji na kijana.

Kijana alitupeleka mwendo wa kama kutoka hapa hadi kwenye bomba la maji. Kisha gari likaacha barabara kwa heshima, likashuka mtaro, likaingia katika shamba la alizeti na kutulia humo, maua ya njano yakiingia madirishani. Kijana alipapasa swichi akitafuta ya kuzima, zikalia honi zote mbili.

Mwenye shamba akatokea, mama mtu mzima mwenye jembe begani. Akazunguka gari zima, akachungulia nyuma. Shemeji, akiwa bado kifudifudi, akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema yule mama. "Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo."

Yule mama akamtazama jinsi alivyolala, akamtazama dada aliyekaa mbele na mikono mapajani, akatikisa kichwa. Kisha akaita watu waje kusukuma.

Fundi wa injini alikuja kwa basi kuturudisha. Shelui hatukuiona. Njia nzima shemeji alieleza kutokea nyuma kwamba gari lenyewe halikuwa na tatizo lolote, na ni kweli, halikuwa nalo. Wiki iliyofuata dada alikwenda kujiandikisha katika shule ya udereva, akanikabidhi mimi nyumba, sufuria na mgonjwa. Nilimpikia shemeji uji na kumkanda mgongo kwa maji moto, na nikiri kwamba maji hayo niliyachemsha kupita kiasi.

Dada alijifunza kwa aibu mwanzoni, darasa zima likiwa la vijana wanaomwita mama. Baadaye alijifunza kwa raha. Alikuwa akirudi jioni anasimulia makutano ya duara, alama za barabara, kurudi nyuma kwa vioo, huku anakata mboga, na kisu kinakwenda kwa mwendo wa gia. Alipopata leseni aliiweka mezani wakati wa chakula, kando ya bakuli la mlenda. Shemeji aliichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Hongera sana, mama." Na alimaanisha, nilimwona. Akasema Jumamosi dada atatupeleka Mgori yeye mwenyewe. Siku hizo zilizobaki fundi wa injini alishinda uani, chini ya gari, na sisi tukadhani ni matengenezo ya kawaida. Dada akampigia simu mama. Mama akawaambia majirani wote, na akaomba awekewe kiti nje mapema.

Jumamosi dada alivaa kitenge kipya na viatu vya kufunga. Akapanda, akarekebisha kiti, akafunga mkanda. Mimi nikapanda nyuma na kuku wa mama. Shemeji akapanda upande wa abiria, mgongo umefungwa kanga, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Nimekuwekea kitu," akasema, akaonyesha miguuni pake.

Ilikuwa breki. Pedeli ya pili ya breki, upande wa abiria, mpya, imechomelewa vizuri na kufungwa mpira.

Dada aliitazama kwa muda. Akawasha gari. Tukatoka getini taratibu, sawasawa, bila kushtuka. Tulipofika kwenye kona ya kwanza gari likasimama ghafla, nikapiga paji la uso kwenye tangi.

"Mbuzi," akasema shemeji.

"Nimemwona," akasema dada. Mbuzi alikuwa mbali, anakula boksi.

Tukaenda tena. Penye tuta gari likasimama kabla ya tuta. Dada akavuta pumzi, akaweka gia, tukaenda. Kisha tukafika mahali palipo peupe, hakuna mbuzi, hakuna tuta, hakuna mtu, barabara tupu ya vumbi, na gari likasimama tena, kuku wakapiga kelele.

"Sasa kuna nini?" dada akauliza.

"Hakuna kitu," shemeji akasema. "Nilikuwa naijaribu tu kama inashika."

Dada akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Akafungua mkanda, akashuka, akazunguka mbele ya gari hadi dirishani kwa shemeji, akamwekea ufunguo kiganjani na kumfumba vidole.

"Breki unazo mbili sasa," akamwambia. "Dereva tafuta mwingine."

Akaja nyuma, akanipokea tenga la kuku, akaelekea barabara kuu, kulikokuwa na uwezekano wa kupata basi au lori la vitunguu. Nikamfuata mbio, viatu vyangu mkononi. Tulipofika mbali kidogo niligeuka. Shemeji alikuwa bado amekaa upande wa abiria, anatazama mbele, na mguu wake uko juu ya breki ya gari lililozimwa.