Antena Nusu

Nilikuwa nimeshapita Shauri Moyo, Nairobi, ambako mafundi wa bati hugonga masanduku na karai tangu asubuhi hadi mtu hasikii hata mawazo yake, nilipoanza kushuku kwamba nimepotea. Mwanamke mmoja wa mahindi ya kuchoma alinielekeza kwa koleo lake. Shika Jogoo Road, alisema, ukifika soko la Jericho uliza tena. Nikafika, nikauliza tena. Kila niliyemuuliza aliangalia kwanza viatu vyangu, kisha mfuko wangu, na uso akaumalizia.

Ilikuwa Februari 1983. Agosti iliyotangulia, askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa kabla jua halijatua. Tangu siku hiyo mgeni aliyeuliza nyumba ya mtu Eastlands, mitaa ile ya mashariki ya jiji, alikuwa mgeni wa kuogopwa.

Hatimaye niliupata mlango niliokuwa nikiutafuta, nikapiga hodi. Ndani kukawa kimya, halafu kitu chepesi kikaburutwa sakafuni. Mlango ulifunguka kiasi cha jicho moja.

"Nani amekutuma?"

"Teresiah wa kiwandani kwenu. Aliniambia mna chumba."

Mlango ukafunguka wote. Mwanamke aliyesimama pale aliitwa Lenah, mshonaji katika kiwanda cha nguo Industrial Area, mrefu, na tepu ya kupimia bado ilikuwa shingoni. Nyuma yake harufu kali ya gundi na rangi ilinipiga puani.

"Karibu," alisema. "Lakini usikalie hicho kitanda."

Juu ya kitanda palikuwa na bawa, refu kama mkono wa mtu mzima na nusu yake tena, lenye mbavu nyembamba za mti mweupe. Lilikuwa limebanwa kwenye ubao kwa pini za cherehani. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti mbele yake kama mtu anayesali, wembe mkononi. Hakugeuka.

Huyo alikuwa mumewe, Patrobas Mulama.

Nilikaa nao wiki kadhaa. Nimelala katika nyumba za watu wa lugha nyingi, na mapema kabisa huwa najifunza ni lugha gani hutumika kugombania nini. Pale walipogombana kwa Kiluhya, jambo lilikuwa la nyumbani: chumvi, shemeji, sabuni. Wakihamia Kiswahili, jambo lilikuwa la serikali. Na karibu kila jioni walihamia Kiswahili, kwa sababu ya ndege iliyokuwa ikiundwa pale kitandani.

Patrobas alikuwa fundi katika jeshi la anga. Kazi yake ilikuwa magurudumu na breki. Alipopelekwa Uingereza kwa mafunzo alinunua sanduku lenye vipande vya ndege ndogo: mbao laini, nyaya, injini inayoenea kiganjani, na redio ya kuiongozea kutoka chini. Alirudi nalo akaliweka chini ya kitanda, akingoja likizo. Kabla ya likizo ikaja Agosti. Alizuiliwa pamoja na wenzake, akakaa ndani hadi karibu na Krismasi. Jeshi lile likavunjwa. Aliachiliwa bila kesi na bila kazi.

Siku askari walipokuja kusaka nyumba baada ya jaribio lile, Lenah aliifukia redio katika debe la unga wa mahindi. Askari walipindua godoro, wakaona vijiti na karatasi, wakadhani ni michezo ya mtoto. Unga hawakuugusa. Mtoto wao, Nakhumicha, alipelekwa kwa nyanya yake Mumias, na alikuwa bado huko. Lenah alisema harudi mpaka nyumba itulie.

"Nyumba haitatulia na hiyo kitu ndani, Baba Nakhumicha," alikuwa akisema. "Ichome. Hiyo redio itupe chooni. Wakija mara ya pili hawatauliza ni mchezo au si mchezo. Watakuchukua, na safari hii sijui kama utatoka."

"Mimi sikuwa rubani," alijibu Patrobas. Hilo ndilo jibu alilolitoa kule ndani kila alipoulizwa, na sasa lilikuwa limemganda mdomoni. "Mimi nilikuwa mtu wa magurudumu na breki."

"Sasa unatengeneza ndege ya nini?"

Alikuwa akipaka bawa ile rangi yenye harufu, ambayo hukausha kitambaa kikavutika kama ngozi ya ngoma.

"Kule ndani niliiunda kichwani kila siku," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimeushika mchoro wote. Nataka kujua kama niliiunda sawa."

Siku nzima, Lenah akiwa kiwandani, alifanya kazi na pazia limefungwa. Alichonga kwa wembe, akapiga msasa, akaiinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa kuona kama pua inaanguka au mkia. Mkia ulipoanguka aliyeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaiweka puani. Akainua tena. Ndege ikakaa vidoleni bila kutikisika, naye akatabasamu, mara ya kwanza mimi kumwona.

Jambo moja tu lilimsumbua. Katika kazi yao fundi hakujikagua. Mmoja alitaja sehemu kwa sauti, mwenzake akaigusa na kujibu, na bila jibu ndege haikutoka. Nilimsikia peke yake nyuma ya pazia: "Usukani? Gurudumu la kushoto?" Kisha kimya. Nilijitolea. Alinitazama kwa upole, akasema hapana, mwenzako lazima awe mtu atakayeumia ndege ikianguka.

Jumamosi moja Irungu alikuja. Naftaly Irungu aliuza makaa karibu na soko. Alikuwa mtani wa mtaa mzima, na siku hiyo hakutania mpaka alipofunga mlango.

"Mulama, kuna maneno sokoni," alisema. "Wanasema kuna mtu wa Jericho anatengeneza mtambo. Nimewaambia ni wewe unajenga gari la kupeleka mama mkwe wangu Nyeri, maana hakuna basi linalomtaka. Wamecheka. Lakini kulikuwa na bwana mmoja wa suti ya kaunda, kama makachero, ambaye hakucheka."

Lenah aliketi. Wakati huu hakukuwa na kelele. Alizungumza Kiswahili taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kesho ni Jumapili. Watu wako kanisani asubuhi. Uipeleke uwanjani, uirushe mara moja, ujue ulichotaka kujua. Tukirudi naichoma kwa mkono wangu. Yote, na redio."

"Sawa."

"Na hiyo fimbo."

Alimaanisha antena. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, ya kuvuta sehemu kwa sehemu, na ikitoka yote ilimzidi Lenah mwenyewe kwa urefu. Mtu wa jeshi la anga kusimama hadharani na antena ndefu kuliko mke wake, katika mwaka ule!

"Hutaivuta," alisema Lenah.

"Isipovutwa, ndege haisikii."

"Basi nusu."

Patrobas aliangalia ile redio kwa muda mrefu. "Nusu," akasema.

Asubuhi tulipita vichochoroni, bawa limefungwa katika shuka na kiwiliwili ndani ya gunia la makaa la Irungu. Uwanja wa mpira nyuma ya nyumba ulikuwa mtupu, vumbi jekundu na magoli mawili yasiyo na nyavu. Kutoka makanisani zilikuja nyimbo za lugha tatu kwa wakati mmoja. Patrobas alifunga bawa kwa mipira ya kuvutika, akaimiminia injini spiriti iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Kisha akasimama, mikono pembeni, na sikujua anangoja nini mpaka Lenah alipoinama, akaweka kidole juu ya bawa.

"Haya, taja," alisema.

"Bawa?"

"Limekaza."

"Mkia?"

"Umekaza."

"Usukani, kulia?"

"Unaenda kulia."

"Antena?"

Lenah aliangalia nyumba, akaangalia barabara. "Nusu," alijibu.

Jibu lililotakiwa lilikuwa "imetoka yote." Wote wawili walilijua. Patrobas aliinama, akapiga rafadha, lile panga la puani, kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Injini ikapiga chafya, ikakataa, ikapiga tena, halafu ikalia kwa sauti nyembamba ya hasira iliyozima nyimbo zote tatu.

Ndege ilikimbia juu ya vumbi, ikaruka, ikayumba, ikashika hewa. Ilipita juu ya goli, ikageuka, ikarudi kwetu. Sikuiangalia ndege, nilimwangalia Patrobas. Vidole vyake viwili viligusa vijiti vya redio kama mtu anayeonja joto la maziwa ya mtoto. Irungu alivua kofia.

"Mulama, wewe!" alisema. "Hata kuku wangu hawaruki hivyo, na wana mabawa ya kuzaliwa nayo."

Kelele ile iliwatoa watu. Kwanza watoto, wakipiga mayowe "Cheki ndege! Cheki ndege!", kisha wale walioacha mahubiri katikati, kisha akina mama na Biblia kwapani. Uwanja ukajaa pande zote. Na upepo nao ukaanza, wa kusini, ukiisukuma ndege taratibu kwenda kaskazini, upande wa Eastleigh, ambako kambi ya jeshi la anga ilikuwa.

Patrobas alikata kulia. Ndege haikukata. Akakata tena. Iliendelea kunyooka, ikipungua hadi ikawa nukta.

"Hainisikii," alisema.

Wakati huohuo nilimwona yule bwana wa suti ya kaunda akitokea kati ya nyumba mbili, gazeti limekunjwa mkononi, akija bila haraka. Lenah alimwona pia.

"Iache iende," alinong'ona. "Baba Nakhumicha, iache. Ikipotea hakuna ndege. Weka redio ndani ya gunia, twende nyumbani."

Ingewezekana. Umati ulikuwa kati yetu na yule bwana.

"Itaangukia watu," alisema Patrobas. Mikono yake ilikuwa kwenye vijiti na haikuweza kutoka. "Au itaangukia kambi. Lenah. Ivute."

Wiki zote zile sikuwa nimemsikia akimwita kwa jina. Alikuwa Mama Nakhumicha asubuhi na jioni. Lenah aligeuka akamtazama bwana wa gazeti, ambaye sasa alikuwa akitutazama moja kwa moja. Kisha akashika ncha ya antena kwa vidole vyake vya mshonaji, akaivuta. Sehemu moja, nyingine, nyingine, mpaka ikamzidi kichwa, ikang'aa juani mbele ya mtaa mzima.

Ile nukta ikainama upande mmoja. Ikageuka. Umati ukapiga makofi bila kujua unashangilia nini.

"Weka hiyo kitu chini," ilisema sauti nyuma yetu.

"Siwezi, afande," alijibu Patrobas bila kugeuka.

"Nimesema weka chini!"

"Nikiiweka, ile itaangukia hawa watu. Tafadhali, afande. Angalia juu."

Afande aliangalia juu. Ndege ilikuwa ikirudi, kubwa zaidi kila sekunde, juu ya vitambaa vya kichwa vya akina mama. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, nadhani, kwa sababu gazeti lilimteleza na hakuliokota.

"Rubani ni nani?" aliuliza.

Makofi yalikuwa yamekoma. Lenah alifumba macho. Nilisubiri lile jibu la magurudumu na breki.

"Ni mimi," alisema Patrobas.

Injini ilizimika ghafla, mafuta yameisha. Katika kimya kile ndege ilishuka kwa mluzi wa upepo tu, ikashuka zaidi, na watu wakaifungulia njia wenyewe, wakirudi nyuma na kuvuta watoto. Iligusa vumbi mara moja, ikadunda kidogo, ikagusa tena, ikaja kwa magurudumu yake hadi karibu na viatu vya Patrobas. Alikuwa ameyafunga vizuri magurudumu yale.

"Injini?" alisema Patrobas.

"Imezimwa," alijibu Lenah.

"Redio?"

Alinyoosha kidole, akabonyeza. "Imezimwa."

Afande alichukua redio mikononi mwa Patrobas. Akaitazama mbele na nyuma. "Ndege ubebe wewe," alisema. "Usiivunje. Wataitaka hivyohivyo ilivyo."

"Ninakuja naye," alisema Lenah.

"Mama, wewe baki. Leo namtaka yeye."

Patrobas aliinua ndege kwa mikono miwili, moja chini ya bawa, nyingine chini ya pua. Alikuwa na shati jembamba la Jumapili. Lenah alivua sweta lake, akaliweka mabegani pa mumewe, akaifunga mikono ya sweta kifuani pake kwa fundo la mshonaji, kwa vile Patrobas hakuwa na mkono wa kulivaa. Februari, jua la saa tano, na hakuna aliyeuliza sweta ni la nini.

"Nakhumicha anakungoja," Lenah alimwambia.

"Najua," alisema Patrobas.

Wakaondoka, afande mbele, Patrobas nyuma yake, na watu wakawafungulia njia kama walivyoifungulia ndege. Irungu aliokota gazeti, akasimama nalo, hana utani. Mimi nilibaki kando ya Lenah na gunia tupu la makaa.

"Hiyo antena irudishe ndani polepole, afande," tulimsikia Patrobas akisema, "usije ukaivunja."

Lakini afande hakujua inavyorudishwa, au hakutaka kuonekana akijaribu. Walipoingia kati ya nyumba tuliacha kuwaona wenyewe. Tuliiona ile antena tu, imetoka yote, ikitikisika juu ya paa la choo, juu ya kamba za nguo, juu ya ukuta wa soko, ikienda.