Wimbo wa Kabiru, MB Sita

Kwa miaka mingi Kabiru wa Ndabibi aliimba besi kanisani. Kisha akaugua koo, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo akawa anaongea kwa mikono na macho tu. Mkewe, Waithera, ambaye majirani walimwita Mama Kinyanjui, alizoea yote isipokuwa ukimya wa nyumba wakati wa kupika, maana zamani mumewe alipenda kuimba akimenya viazi.

Siku moja Odero, aliyerekodi ibada za kanisa, alimpigia Waithera kumwambia amepata video ya ibada ya zamani ambamo Kabiru aliimba peke yake. Akamtumia linki. Waithera alimwambia mumewe, kisha akaibonyeza linki, mikono ikiwa bado na unga. Video ikaanza kuingia, ikasimama; bando la intaneti lilikuwa limekwisha. Akanunua lingine, nalo likaisha vivyo hivyo. Alipochungulia sebuleni akaona mzee amevaa shati safi, anangoja. Akarudi jikoni akalia.

Jirani yake, Chepkemoi, aliyekuja kuazima jembe, alimkuta katika hali hiyo. Hakumcheka. Aliichukua simu, akaketi karibu naye.

"Mama Kinyanjui, kabla hujabonyeza, angalia hapa kando ya jina. Hii ni giga mbili, yaani MB kama elfu mbili. Bando lako ni MB mia moja. Haiwezi kuingia."

Akamshauri amwombe Odero akate wimbo peke yake, sauti bila picha. Waithera aliona haya kumsumbua, lakini Odero alikubali mara moja.

Kesho yake faili nyingine ikaja. Waithera akavaa miwani, akasoma kwanza: MB sita. Akabonyeza, ikaingia yote.

Kabiru aliposikia sauti yake aligeuka akatazama dirishani, na Waithera akaogopa kwamba amemuumiza. Kisha akaona mguu wa mzee unapigapiga sakafu. Wimbo ulipoisha, Kabiru alizungusha kidole hewani: tena. Waliusikiliza mpaka chai ikapoa.

Waithera alimshukuru Mungu, akampigia Odero kumshukuru, halafu akachuma njegere akampelekea Chepkemoi.

"Umenirudishia sauti ya mzee wangu," akamwambia.

Chepkemoi akasema hakufanya kitu, alisoma tu kilichoandikwa.

"Uliketi nami ukanionyesha," Waithera akasema, akammiminia njegere zote kwenye sufuria yake.