Saa Moja ya Mwenye Karasha

Juzi nilikuwa kwenye ofisi inayoshughulikia mambo ya kazi, pale Bomani, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu dirishani walisimama wawili kutoka machimbo ya Nyakunguru: mzee mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mama anayeilisha mawe tangu asubuhi mpaka jioni. Mama ndiye aliyeleta malalamiko, kwamba hawapewi muda wa kupumzika.

"Wanapumzika sana hawa," mzee alisema, kidole hewani. "Mashine ikizimwa, wote wanapumzika."

"Inazimwa kwa nini?" afisa akauliza.

"Kutiwa dizeli."

"Anatia nani?"

Mzee akashangaa kuulizwa. "Si huyu?"

Afisa akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba sheria yetu inampa mfanyakazi saa nzima ya kupumzika akishafanya kazi saa tano mfululizo. Mwajiri halazimiki kuilipia, lakini akimtuma kazi ndani ya saa hiyo, ailipie. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaomba radhi kwamba saa yake mwenyewe ya kupumzika imefika, akafunga dirisha na kwenda kula.

Mzee akaanza kuzunguka chumba. "Saa nzima! Na kazi imelala kule!"

Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi, amevua ndala, amenyoosha miguu. Akammegea kipande cha muhogo wake.

"Kaa, mzee. Ndiyo hii tunayoiomba."

Akakaa, akala. Mimi sheria ile sijawahi kuisikia ikielezwa vizuri zaidi, kwa sababu dirisha lilipofunguliwa tena, ilibidi mama amwamshe.