Uwanja Wetu wa Joubert Park

Mashine ya kukata nyasi ikipita mahali, ile harufu ya petroli na majani mabichi hunirudisha papo hapo ghorofa ya nne, kwenye dirisha letu lililotazama Joubert Park, bustani ya umma ya jiji tulilohamia. Sijui kama nitaeleza vizuri, kazi yangu ni kusuka nywele, si kuandika. Ila niwe mkweli: palikuwa pazuri. Miti ya zamani, nyumba ya vioo ya kuoteshea maua, wazee wakicheza chesi juu ya sakafu kwa kete zilizonifika kiunoni. Asubuhi tulifungua pazia kama watu wenye mali.

Ndani tulikuwa familia mbili chumba kimoja, shuka katikati.

Jumapili, ibada ikiisha, sisi Wakongo tulikwenda bustanini kupigwa picha. Wapiga picha walingoja getini, kamera shingoni. Mama ndiye aliyechagua mahali: benchi lisionekane, pipa lisionekane, mtu asipite nyuma. Halafu nyuma ya picha aliandika neno moja tu, "Nyumbani", akampa msafiri wa basi ampelekee dada yake Lubumbashi. Simlaumu mama. Kanisa zima lilifanya hivyo, na kwa mdomo hakusema uongo.

Dada yake, yaani Mama Mukubwa, aliziamini zile picha. Akamtuma binti yake Furaha, wa miaka kumi na minne, aje asome akikaa nasi. Mimi nilikuwa na kumi. Furaha alisimama dirishani, begi bado mkononi.

"Uwanja niliuona kwenye picha," akasema. "Nyumba iko wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Hapa ni pa kulala tu. Uwanja wetu ni ule. Baba anawaachia watu wacheze, lakini saa nane wanatakiwa kutoka. Leo ni zamu yako kuwaambia."

Akashuka. Nikamfuata, nikajificha nyuma ya mti. Alisimama katikati ya wachezaji, akapiga makofi: "Mutoke sasa! Hapa ni kwa baba mudogo!"

Mmoja tu alielewa, kinyozi wa Bukavu, naye akawatafsiria wenzake. Eish, kicheko kile! Mzee mmoja alimkumbatia mfalme wa mbao, akapiga goti mbele yake: "Samahani, Madam. Tukitoka tufunge geti?"

Furaha aligeuka akaniona. Nilikuwa nimeshika mti nisianguke kwa kucheka.

Kuanzia hapo jina lake likawa Madam. Shuleni Madam, sokoni Madam, hata kwenye kwaya. Nadhani nusu ya kazi ya kulieneza niliifanya mimi. Labda zaidi ya nusu.

Jumapili iliyofuata mama alimsimamisha kwenye nyasi. "Cheka, mama yako aone meno." Picha ilipotoka akampa kalamu. Furaha aliishika, nami nikaogopa ataandika yote. Akaandika "Nyumbani". Nikaona anamwogopa mama, basi.

Mama Mukubwa alipoipata picha ile, akamtuma kwetu na mdogo wake Furaha, Espoir, mtoto wa miaka saba. Alishuka basi na mpira mpya kwapani, wa kuchezea uwanjani.

Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikiwa na watoto wangu. Kumwambia mama yake ukweli wa nyumba kungemlazimu Furaha aeleze na ile siku ya chesi: kwamba aliamini, kwamba alipiga makofi, kwamba watu walicheka. Nilimfanya aone aibu hata kusema, na kwa ajili hiyo mtoto mwingine akatolewa kwa mama yake. Huenda nakosea. Furaha siku hizi yuko mtaa wa Yeoville, tunasalimiana vizuri, sijawahi kumuuliza.

Ninalolikumbuka bila shaka ni Espoir dirishani, mpira kifuani, akimuuliza dada yake, "Yaya, nyumba iko wapi?"

Furaha aligeuka. Alinitazama mimi. Nami nilikuwa nimeshaanza kucheka.