Niliunga paipu ya steering kwa mpira na klipu, gari likawaka na mama mkwe akiwa ndani

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na mke wangu kakaa hapa pembeni anasoma, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Naishi Geita mjini. Nina kigari kizee, injini bado nzima, ila steering ikaanza kuwa nzito. Nikikata kona, pampu inalia kama ndama. Asubuhi nakuta doa jekundu chini. Mimi nikawa naongeza mafuta tu, maisha yanaendelea.

Baadaye nikampelekea fundi wa jirani. Akakuta paipu inayotoka kwenye pampu imetoboka. Akakata pale palipotoboka, akaunga kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Akazungusha usukani kushoto, kulia. Kavu.

"Bosi, hii isahau kabisa."

Nikamshukuru sana.

(Wanaojua magari najua mmeshashika vichwa. Subirini.)

Jumamosi iliyofuata tukaenda Nyarugusu, mimi na mke wangu, kumchukua mama yake tumlete hospitali. Magoti yamevimba, kutembea ni kwa kushikiliwa.

Sasa kwa wasiotujua Wasukuma, ukwe kwetu una mipaka yake, na familia ya mke wangu bado inaishika kwelikweli. Tangu nioe sijawahi kumpa mkono mama mkwe. Akinisalimia anatazama pembeni. Hakuna ugomvi wowote, ndiyo heshima yenyewe.

Basi, mama kakaa nyuma, mke wangu mbele, tunarudi. Kuna sehemu barabara imechimbika, nikawa nakata kushoto, kulia, nakwepa mashimo. Ghafla usukani ukawa mgumu kama jiwe. Harufu kali. Moshi ukatoka kwenye boneti.

Nikadhani rejeta imechemka.

Kabla sijasimama vizuri nikaona moto. Moto wa kweli, wa rangi ya chungwa, unachungulia kwenye mwanya wa boneti.

Tukaruka nje. Mke wangu akafungua mlango wa nyuma, anamvuta mama yake mkono. "Mama, shuka! Shuka!" Mama ni mtu wa mwili, na magoti hayakunjiki. Hasogei.

Nikaingiza mikono kumsaidia. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Hapana, baba. Wewe usinishike."

Wakuu, gari linawaka, na mtu ananiambia nisimshike!

Nikasema, "Nisamehe, mama," nikapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, nikambeba. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilikimbia naye hadi kwenye majani, kanga ya kichwani ikadondoka njiani. Alikuwa amefumba macho kabisa.

Jirani na pale kulikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wanaume wakaja mbio na viroba vya marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu. Mmoja akanipigia kelele, "Usiinue boneti yote, utaupa hewa! Maji usimwage, hayo ni mafuta!" Wakaifungua kidogo tu, wakatupia mchanga humo mpaka moto ukafa.

Mimi hata simu ilinishinda kushika. Mke wangu ndiye aliyepiga.

Tukapata usafiri mwingine wa kumfikisha mama hospitali, gari likavutwa hadi mjini. Fundi mwingine akaniwekea ule mpira mkononi. Kumbe ni paipu ya petroli! "Hii ya steering inabeba presha kubwa, hasa ukikata kona," akasema. Mpira ulichomoka kwenye klipu, mafuta yakarukia ekzosi yenye moto.

Dawa yake ilikuwa kutengeneza paipu mpya kwa wale wanaotengeneza paipu za hydraulic za excavator. Wakatumia ya zamani kama kipimo, ncha wakazibana kwa mashine. Fundi akabadilisha waya zilizoungua, akaweka mafuta mapya, akainua matairi ya mbele na kuzungusha usukani taratibu mpaka hewa ikaisha.

Mama naye, akiwa hospitali, akatuma niitwe. Nikasimama mlangoni. Akageukia ukutani, akasema, "Baba Kulwa, lile lilikuwa la moto, halikuwa la mkono wako. Wabeja."

Yaani asante. Nilitoka nje nikalia, sioni aibu kusema.

Nikabeba ule mpira hadi kwa fundi wa kwanza, hasira zimenijaa. Akaugeuzageuza, akakaa juu ya tairi.

"Bosi," akasema kwa sauti ndogo, "mbona magari yote huwa nayafunga hivi?"

Hasira ikaniisha, nikabaki na hofu. Nikamwambia tuanze kuwapigia wateja wake. Tukapiga mchana mzima, mimi nikiwa nimekaa pale pale. Wengine walikuja. Wengine namba hazipatikani.

Wakuu, mafuta ya steering yanawaka. Kama yanavuja, usiishie kuongeza. Na kama paipu yako iliungwa kwa mpira na klipu, iwe kwa fundi yeyote yule, kaifungue boneti sasa hivi ndipo urudi hapa ku-comment.

Niambieni mmekuta nini.