Saa Aliyozaliwa Kusum

Bi Muhsina alikuwa mkunga wa Malindi, Unguja, na katika yote aliyokuwa nayo kabla ya mapinduzi ya mwaka sitini na nne, ukunga tu ndio aliofika nao Mutrah, Omani. Majina ya watoto aliowapokea yalimpotea, lakini saa walizozaliwa, usibishane naye.

Ndiyo maana Jamna, Mbaniani aliyekuwa jirani yake kule na jirani yake tena hapa, alimjia mbio. Binti yake Kusum ameposwa, na Mabaniani hawaozi mpaka mnajimu alinganishe nyota za wawili hao. Mnajimu huigawa mbingu nyumba kumi na mbili, akatazama kila sayari ilikaa nyumba gani mtoto alipozaliwa. Nyumba hizo hazitulii. Muda kidogo tu, sayari zishahama. Karatasi ya nyota za Kusum ilibaki Unguja. Shahidi aliyebaki ni mkunga.

"Shoga yangu, nnakuomba," Jamna alisema, "waambie jua lilikuwa limeshatoka. Akiwa kazaliwa kabla, Mirihi inakaa nyumba ya ndoa. Watasema atamfisha mume, watamwacha!"

Bi Muhsina hakuzisadiki nyota hata chembe. Uongo mdogo wa kumsitiri mtoto wa watu, una nini? Akakubali.

Lakini mnajimu, mzee aliyewahi kukaa Unguja, alipomuuliza mbele ya shangazi wa bwana harusi, Malindi yote ikamrudia. Maji yanachemka jikoni, asumini inanukia uani, na muadhini wa mtaa anakohoa katikati ya adhana, kama ada yake. Kikohozi kile na kilio cha kwanza cha Kusum vilikwenda pamoja. Nyumba imechukuliwa, makaburi ya wazee yamebaki kule. Na alfajiri ile iliyombakia, nayo aitoe kwa mdomo wake mwenyewe? Roho ilimkatalia.

"Jua lilikuwa halijatoka," alisema. "Muadhini ndiyo kwanza anaadhini."

Mnajimu akahesabu, akainua macho. "Mirihi, nyumba ya saba, nyumba ya ndoa."

Jamna akajifunika uso. Shangazi akaangua kicheko, huku machozi yanamtoka.

"Na kijana wetu ni vivyo hivyo! Mirihi kwa Mirihi huondoleana nuksi, ndiyo tunatafuta mwenziwe. Lakini kila msichana tunayeletewa, jua lilikuwa limeshatoka!"

Harusi ikawa, na Bi Muhsina akala vitamu vya ladu mpaka akaomba radhi asiongezewe. Alfajiri ya pili yake, adhana ilipoanza Mutrah, alikaa kitandani akakingoja kikohozi.