Spika ya Sauti Moja

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Jana mumewe alileta spika ya bei mbaya, ile ya kuamrishwa kwa mdomo, akaifundisha kutii sauti yake peke yake. Akafungulia muziki kwa nguvu, akatoka.

Shangazi akaiambia inyamaze. Wapi! Akabembeleza, akafoka. Mteja aliyekuwa akipimwa gauni lililojaa pini aliogopa hata kupumua.

Mume aliporudi akatamka neno moja tu, spika ikanyamaza.

"Umeona adabu hiyo? Sasa niambie haina thamani!"

Shangazi akaweka mkasi chini taratibu, akachomoa waya wa spika ukutani.

"Haya, iamrishe sasa. Ikikukatalia, jaribu kuniamrisha mimi."